Nyonga mpya, na hofu iliyokaa mahali pasipo pake

Wiki ya tatu baada ya kuwekewa nyonga bandia, shangazi yangu alikuwa anaogopa kutoka chumbani kwake kwenda sebuleni. Ni hatua kumi na moja, alizihesabu mwenyewe. Alikuwa akisimama mlangoni na kile kitembezi cha chuma cha miguu minne, amekishika kwa nguvu mpaka vidole vinapauka, anaitazama sakafu kama mtu anayepima kina cha maji. Jioni ya siku hiyohiyo nikamkuta uani, nyuma tu ya chumba chake, mjukuu amemketisha juu ya mbuzi na yeye anakuna nazi, magoti yamepanda juu kuliko kiuno. Nilipopiga kelele alinishangaa. "Mbona nimekaa tu? Sijatembea mie."

Basi kutembea ndiko kulikokuwa salama, na kukaa pale juu ya mbuzi ndiko kungemrudisha hospitali.

Nimeliona jambo hilo kwa wengine tangu wakati huo. Anayetoka kubadilishwa nyonga anakuwa na hofu, na ana haki ya kuwa nayo, ila mara nyingi hofu hiyo imekaa pasipo pake. Anaogopa kukanyaga chini, kazi ambayo ndiyo hasa nyonga iliwekewa, halafu anajitupa kwenye kochi lililobonyea bila wasiwasi wowote. Kumwambia "usiogope" hakusaidii. Kinachosaidia ni kuelewa kiungo chenyewe kimewekwaje na kinashikiliwa na nini.

Chuma hupona kabla ya nyama

Nyonga ni mpira ndani ya kikombe. Mpira ni kichwa cha mfupa wa paja, kikombe ni tundu lililo kwenye fupanyonga, na katikati yake kuna gegedu laini linalozuia mfupa kusuguana na mfupa. Gegedu likilika ndipo watu husema nyonga imesagika. Kwa wazee hiyo ndiyo sababu kubwa ya upasuaji huu, pamoja na kuvunjika kwa shingo ya paja baada ya kuanguka. Kwa vijana wa kwetu selimundu nayo ina mkono wake: chembe za damu zilizopinda hunasa kwenye mishipa midogo, kichwa cha mfupa hukosa damu, hufa na kubonyea. Usishangae basi ukikuta kliniki ya mifupa mtu wa miaka 25 na fimbo yake, ameketi jirani na bibi wa miaka 75, wote wana nyonga mpya.

Aliyeufanya upasuaji huu uwe wa kutegemewa ni daktari Mwingereza, John Charnley, katika hospitali ya Wrightington, mwaka 1962. Kabla ya hapo alikuwa ametumia vikombe vya Teflon, vikasagika katika muda mfupi na ikabidi wagonjwa wapasuliwe tena. Safari hii akaweka mpira mdogo wa chuma ndani ya kikombe cha plastiki ngumu ya polithilini, akavigandisha kwenye mfupa kwa saruji ya akriliki, kitu kilichokuwa kikitumiwa na madaktari wa meno. Vifaa vimeboreshwa sana tangu hapo, lakini wazo ni lilelile. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa kwenye jarida la The Lancet mwaka 2019, uliokusanya kumbukumbu za wagonjwa waliofuatiliwa kwa miaka mingi, ulionyesha kuwa karibu nyonga 58 kati ya 100 hudumu miaka 25.

Saruji hiyo inagusa moja kwa moja hofu ya shangazi ya kukanyaga. Huganda ndani ya dakika kama 10 hadi 15, mgonjwa akiwa bado mezani. Anaporudishwa wodini, chuma kimeshakuwa imara kadiri kitakavyokuwa. Ndiyo maana manesi humsimamisha mtu siku hiyohiyo au kesho yake. Shangazi aliamini kwamba wanataka kitanda chao tu. Zipo pia nyonga zisizotumia saruji: chuma chake kina uso unaokwaruza, hugongwa mpaka kikabana, kisha mfupa hukua kuingia ndani yake kwa wiki kadhaa. Hata wenye nyonga hizo, wengi huruhusiwa kukanyaga mapema. Daktari akisema kanyaga kwa nusu ya uzito, huyo ndiye wa kumsikiliza, kwa sababu ameuona mfupa wako na mimi sijauona.

Kinachochelewa ni nyama. Ili kuufikia mfupa, daktari hupasua au husogeza misuli, na hufungua ule mfuko mgumu unaokizunguka kiungo. Mfuko huo pamoja na misuli ndivyo vinavyouzuia mpira usichomoke kwenye kikombe, navyo vinahitaji takriban wiki 6 hadi 12 kushikana vizuri. Kwa hiyo katika miezi hiyo mitatu nyonga inaumudu uzito wako bila shida. Isichokimudu ni pembe mbaya.

Pembe

Nyonga bandia inayochomoka huwapata wachache, kwa kawaida mtu 1 hadi 3 katika kila 100, na mara nyingi hutokea katika miezi ya mwanzo. Pembe mbaya ni ipi? Hapa ndipo majirani wanapochanganyana, kila mmoja na masharti yake.

Aliyepasuliwa kwa njia ya nyuma, upande wa tako, ukuta wake wa nyuma ndio dhaifu. Mpira ukitaka kutoka utatokea huko. Husukumwa huko na mambo matatu: kuinamisha kiwiliwili au kuinua goti mpaka pembe ya nyonga ipite nyuzi 90, kuvusha mguu upande wa pili kama anayekunja nne, na kuzungusha mguu kuelekea ndani. Yakikutana yote matatu kwa pamoja, ndiyo hatari yenyewe. Aliyepasuliwa kwa njia ya mbele ana kinyume chake: aogope kuutupa mguu nyuma sana huku vidole vimegeukia nje. Kwa hiyo mama wa nyumba ya pili akikwambia yeye anakaa kwenye kigoda tangu wiki ya pili na hajadhurika, huenda anasema kweli, na ushauri wake ukawa sumu kwako. Zaidi ya hayo, hospitali nyingi zimeanza kulegeza masharti haya kwa sababu utafiti wa karibuni haukuonyesha wazi kwamba masharti makali yanapunguza kuchomoka, na nyingine bado zinayashikilia. Swali la kuuliza kabla ya kuruhusiwa kurudi nyumbani ni moja na ni jepesi: nyonga yangu mmeingilia wapi, na nisikunje mpaka wapi, kwa muda gani?

Ukishapata jibu, zunguka nyumba yako ukiwa umelishika. Nyumba zetu nyingi zimejengwa kwa maisha ya chini: mbuzi, kigoda, jiko la mkaa lililo sakafuni, beseni la kufulia, mkeka, choo cha kuchuchumaa. Kuchuchumaa kunapita nyuzi 90 kwa mbali. Kwa aliyepasuliwa kwa nyuma, choo hicho ni cha kuepukwa miezi hiyo, na suluhisho la wengi ni kiti cha plastiki au cha mbao kilichotobolewa katikati, chenye miguu isiyoteleza, kikawekwa juu ya tundu. Kipimo cha kiti chochote ni hiki: ukikaa, magoti yawe chini kidogo ya nyonga. Kochi zuri la sebuleni, lile la wageni, ndilo hushindwa mtihani huu kwanza, kwa vile linabonyea. Kiti kigumu cha mezani chenye mikono kinalishinda.

Kuna mitego midogo ambayo hakuna anayeitaja. Umelala, shuka limeteremka miguuni, unajikunja ukiwa umeketi kitandani kulivuta: pembe imekwisha kupita. Simu imeanguka. Kandambili imeingia uvunguni. Mwingine ni wa kugeuka: unaosha vyombo, mtu anakuita kutoka upande ulikopasuliwa, unageuza mwili wote huku mguu umebaki palepale. Kwa mwili, huko ni sawa na kuzungusha mguu kuelekea ndani. Geuka kwa hatua ndogondogo, mguu baada ya mguu, kama mshale wa saa unavyosogea.

Mzegazega

Sasa kutembea. Watu hushangaa kuambiwa washike fimbo mkono wa upande mzima, yaani nyonga ya kulia ikipasuliwa, fimbo ishikwe kwa mkono wa kushoto. Shangazi alibisha siku mbili. Nilimwelewa: ukiumia kulia, akili inakutuma uegemee kulia.

Mkumbuke muuza maji na mzegazega wake, ule mti wa begani wenye ndoo huku na huku. Bega likikaa katikati ya mti, ndoo mbili zinazolingana zinatulia. Likisogea karibu na ncha moja, upande mfupi utahitaji mzigo mzito zaidi ili mti usipinduke. Unaposimama kwa mguu mmoja, na kila hatua kuna nukta ya kusimama kwa mguu mmoja, nyonga ndiyo bega. Upande mrefu umening'inia mwili wako. Upande mfupi kuna misuli ya ubavuni mwa nyonga, inavuta kuzuia kiuno kisidondoke, na kwa kuwa iko upande mfupi inabidi ivute kwa nguvu inayouzidi uzito wa mwili. Kiungo kinabeba vyote viwili. Mjini Berlin, mtafiti Georg Bergmann na wenzake waliweka nyonga bandia zenye vipimo ndani yake, zinazotuma habari kwa redio. Katika mwendo wa kawaida walipata mzigo wa takriban mara mbili na nusu ya uzito wa mtu. Mwenye kilo 70 anaiwekea nyonga yake kama kilo 170 kila hatua.

Fimbo iliyo mkono wa upande wa pili inauinua ule upande mrefu wa mzegazega. Msukumo mdogo tu kule mbali unaipunguzia misuli kazi kubwa huku karibu. Ukiishika upande wa nyonga mbovu, faida hiyo inapotea karibu yote na unabaki kuyumba.

Misuli hiyo ya ubavuni ndiyo inayochelewa kurudi. Ilikwisha kudhoofika miaka yote ya kuchechemea kabla ya upasuaji, kisha ikaguswa na kisu. Ikiwa dhaifu, kiuno hudondoka upande wa pili na mtu hutembea kama bata. Mazoezi yake hayapendezi kuyatazama: kusimama umeshika meza, kuupeleka mguu ubavuni, kuurudisha, mara kumi, mara tatu kwa siku. Watu huyaacha maumivu yanapokwisha, na maumivu huisha mapema. Nguvu kamili inaweza kuchukua mwaka.

Ngazini kuna kanuni ya zamani ya wodini: mzima hupanda, mgonjwa hushuka. Kupanda, tanguliza mguu mzima. Kushuka, tanguliza uliopasuliwa, pamoja na fimbo. Baada ya wiki kadhaa utaisahau, na kuisahau ndiyo dalili nzuri.

Jambo jingine la kuwatuliza wengi: wiki za mwanzo utahisi mguu uliopasuliwa ni mrefu kuliko mwenzake. Wakati mwingine kweli kuna tofauti ndogo, lakini mara nyingi ni fupanyonga lililozoea kukaa upande na misuli iliyokaza. Kwa wengi hisia hiyo huisha ndani ya miezi michache. Usikimbilie kwa fundi viatu kuongeza soli kabla ya kupimwa.

Hofu yenyewe ina uzito

Katika vipimo vya Berlin kuna kimoja kinachonirudia kila mara. Mgonjwa mmoja alijikwaa, wala hakuanguka, na kipimo kikaruka kupita mara saba ya uzito wake. Anayejikwaa hukaza misuli yote kwa mshtuko, na misuli hiyo ndiyo inayokibana kiungo. Anayetembea kwa hofu anafanya jambo la aina hiyo kwa kiasi kidogo kutwa nzima: amekaza, anapumua kwa juujuu, anatazama vidole vyake, hatua fupi za kuburuta. Miguu ya kuburuta ndiyo inayonasa kwenye ukingo wa mkeka. Akinaswa mara moja hofu inaongezeka, anapunguza kutembea, misuli inazidi kulegea, na kesho anayumba zaidi.

Na hapa lazima niseme habari ya sisi ndugu. Tulimpenda shangazi mpaka tukamlemaza. Akitaka maji, kuna mtoto wa kuyaleta. Akisimama, watu watatu wanaruka: "Kaa mama, kaa, utaanguka!" Kila sauti ile ilikuwa inamfundisha kwamba kusimama ni ajali. Aliyekuja kuikata mzizi hofu hiyo ni binti wa fiziotherapia, aliyetutoa wote nje na kufunga mlango. Ndani tulisikia kicheko, kisha fimbo, kok, kok, kok. Alipotutolea maagizo yalikuwa mafupi: ondoeni mikeka ya njiani, wekeni taa ya usiku, mnunulieni viatu vya kushika kisigino badala ya kandambili, halafu nyamazeni.

Mwanasaikolojia Albert Bandura aliandika mwaka 1977 kwamba mtu huamini uwezo wake hasa kwa kulifanya jambo na kuliona limefanyika, kuliko kwa kutiwa moyo na maneno. Shangazi hamjui Bandura, lakini alianza kuhesabu nguzo za umeme. Nguzo moja kwenda na kurudi, asubuhi kabla ya jua kali. Wiki ikipita bila mguu kuvimba au kuuma usiku, anaongeza nusu ya nafasi. Ukivimba kidogo jioni anapumzika na mguu umeinuliwa, kesho anabaki nguzo ileile. Siku ya nguzo ya nne alifika duka la Mangi, akanunua kiberiti asichokihitaji.

Ukitaka namba, kuna kipimo kinachohitaji kiti na simu yenye saa. Mtu anainuka kitini, anatembea mita 3 kwa mwendo wake, anageuka, anarudi, anakaa. Mzee anayetumia sekunde 12 au zaidi huhesabiwa kuwa kwenye hatari ya kuanguka. Baada ya upasuaji utakuwa juu ya hapo kwa muda, hiyo isikutishe, unachotafuta ni namba kushuka. Shangazi alianza na 31, akafika 14 mwezi wa tatu. Pembeni awepo mtu, asimshike.

Maswali mengine huulizwa kwa kunong'ona. Unyumba: madaktari wengi huruhusu kuanzia wiki ya sita hivi, mgonjwa akiwa chali na mwenzake ndiye anayejishughulisha, pembe zilezile zikiheshimiwa. Bodaboda isubiri, kwa kurusha mguu na kwa barabara zetu. Kwenye gari, rudi kinyumenyume mpaka kiti kiguse miguu, keti kwanza, kisha ingiza miguu pamoja na mwili. Zamani tuliambiwa kutandika mfuko wa nailoni ili kuteleza. Tanzania ilipiga marufuku mifuko hiyo tangu 2019, kwa hiyo kitambaa laini kinatosha.

Na swala. Shangazi alilia zaidi kwa kukosa kusujudu kuliko kwa maumivu. Hadithi iliyo katika Bukhari inajulikana: Imran bin Husayn, aliyekuwa mgonjwa, aliambiwa na Mtume aswali akiwa amesimama, asipoweza akiwa ameketi, asipoweza kwa ubavu. Kiti kirefu kikawekwa upande wa kibla. Kwa wale wa kanisani, kupiga magoti mwili ukiwa wima hakuikunji nyonga kama kuchuchumaa, shida ni namna ya kushuka na kuinuka. Ushuke mbele ya kiti kizito, mikono juu yake, mguu uliopasuliwa urudi nyuma na goti lake litangulie chini. Kuinuka, kanyaga kwa mguu mzima ulio mbele na ujisukume kwa mikono. Jifunze hilo na mtaalamu karibu mwezi wa tatu, hata kama huendi kanisani. Anayejua kuinuka kutoka sakafuni huiogopa sakafu kidogo.

Hofu ibaki kwenye haya: maumivu makali ya ghafla na mguu unaoonekana mfupi, umegeuka, hauwezi kukanyaga, kigimbi kilichovimba, cha moto na kinauma, kifua kubana au pumzi kukata, kwa sababu damu inaweza kuganda mguuni na kipande kikasafiri hadi mapafuni, kidonda kinachotoa majimaji, au homa. Hayo si ya kusubiri asubuhi wala kukandwa kwa maji moto. Nenda hospitali.

Mwezi wa nne shangazi alimwita fundi seremala akampa kipimo kwa kamba: sentimita 48 kutoka chini. Fundi akauliza mara mbili kama ni mbuzi wa kukunia nazi au ni ngazi. Alipoleta, shangazi alirudi nyuma mpaka ubao ukamgusa miguu, akatanguliza mguu wa kulia mbele, akashika mkono wangu kisha akauachia, akaketi. Magoti yako chini ya nyonga. Sinia lilikuwa mbali mno, makombo ya nazi yakawa yanaruka sakafuni, akatuma kiletwe kile kigoda chake cha zamani ili sinia likae juu yake.